Kisanduku cha Kijivu na Kiti cha Mzee Labib

Jumapili, 2 Novemba

Leo nimejitolea. Sikuombwa, sikusukumwa, nimejitolea mwenyewe mbele ya watu, na wote wakanikodolea macho. Nadhani kwa heshima.

Mambo yako hivi. Mkurugenzi wetu, Mhandisi Rifaat, ameleta kompyuta mpya katika maabara ya uzi. Zina mfumo mpya, zinawaka haraka, na ukiziwasha zinakuonyesha picha ya milima ambayo hapa Mahalla hakuna aliyewahi kuiona. Za zamani zinaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Vizuri sana. Ila kuna kisanduku.

Mashine yetu ya kuvuta uzi huvuta uzi mpaka ukatike. Pembeni yake kuna kisanduku cha kijivu, cha mwaka 1998, kinachopima uzi umekatika kwa nguvu kiasi gani na kuipelekea kompyuta namba. Kisanduku hicho huzungumza na kompyuta moja tu duniani, ile kuukuu ya karibu na dirisha. Nyingine zote kimezinunia.

Na kisanduku hicho, pamoja na vitu vingine mia mbili na kumi na moja, kimesainiwa kwa jina la Mzee Labib Shenuda, mkuu wa maabara, anayestaafu Jumatano tarehe 12. Siku hiyo kamati ya mali itapita na daftari. Kila kitu kionekane, na chenye swichi kifanye kazi. Kisanduku kisipozungumza na kompyuta mpya kitaandikwa kibovu, Mzee Labib hapewi hati ya makabidhiano, na faili lake linakwenda Cairo. Bila hati hana pensheni wala ruhusa ya kuondoka. Mzee Sobhi wa ghalani faili lake lilikwenda Cairo. Mzee Sobhi amekufa, faili bado liko njiani.

Masikini Mzee Labib. Kaka yake kule Minya ameshamwekea mizinga ya nyuki. Mkewe ameshafunga masufuria yote, wanapikia kikaango kimoja.

Mkurugenzi akauliza nani atakiweza hiki kisanduku. Akaongeza, kama mtu anayeongea na dari, kwamba nafasi ya mkuu wa maabara nayo itakuwa wazi. Nafasi ya mkuu wa maabara ni kiti. Kiti cha magurudumu, chenye mikono, karibu na dirisha. Mimi, Bahgat Qandil, fundi wa daraja la kwanza, miaka ishirini na sita nakalia stuli.

Mhandisi Gihan, mwenye miaka ishirini na minane, digrii mbili na kikombe kilichoandikwa jina lake, akanyoosha kidole. Eti ni kazi ya nusu saa. Nusu saa! Nikasimama kabla hajakishusha. Nikasema tusimsumbue mtoto wa watu, kesho adhuhuri kisanduku kitazungumza mpaka tukiombe kinyamaze. Mzee Labib akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga. Akaniahidi asali ya kwanza.

Baada ya chai nikaanza kwa uangalifu mkubwa. Kwanza kuisafisha kompyuta kuukuu, ndipo ninakili vilivyomo. Nikaazima mpira wa upepo kutoka ukumbi wa kusokota, ule wa kupulizia vumbi la pamba. Likatoka vumbi. Kisha yakatoka maji. Kisha mafuta. Kisha kimoshi kidogo, cha kawaida tu.

Haiwaki tena. Nimeifunika kwa kifuniko chake cha plastiki. Hakuna aliyeona.

Jumatatu, 3 Novemba

Kompyuta mpya haina tundu! Nimetafuta nyuma, mbele, ubavuni, nimeipindua miguu juu. Waya wa kisanduku una kichwa kipana cha pini tisa. Kompyuta ina vitundu vyembamba, hata ulimi wa paka haupiti. Nikatangaza kwamba tumeuziwa mali yenye kasoro.

Gihan akasema, tena kwa sauti ya upole ili iniume vizuri, kwamba kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, kuna waya wa kubadilisha, yeye anao kwenye droo, chukua tu Bwana Bahgat. Nichukue tu! Leo nichukue waya, kesho niulizwe kiti nimekipata kwa waya wa nani. Nikamshukuru, nikamwambia wa kwangu uko njiani.

Nikaenda kwa Haji Shawqi nyuma ya stesheni. Anauza nyaya kwa kilo. Akaapa kwa watoto wake kwamba ndio wenyewe. Nimefika kazini, upande mmoja unaingia kitunduni, wa pili una kichwa cha pini ishirini na tano. Nikarudi. Akanipa kichwa cha kugeuza ishirini na tano kuwa tisa, lakini dume, na cha kisanduku nacho dume, havichomekani. Nikarudi. Safari ya nne mkewe alinitengea chai bila kuuliza.

Sasa nina waya, kichwa, kichwa cha kichwa, na kiungo cha kuwapatanisha. Mkia mzima unaning'inia nyuma ya kompyuta, nimeuegemeza kwenye kopo la samli usije ukakatika. Nikachomeka. Kompyuta ikalia: ting! Imeona kitu. Mzee Labib akapiga makofi, akampigia simu mkewe palepale, akamwambia Bahgat ameshakaribia. Gihan aliutazama ule mkia kwa muda mrefu, akanywa kahawa yake. Wivu huo.

Jumanne, 4 Novemba

Kumbe bado. Kisanduku kimechomekwa, lakini kompyuta mpya haina programu ya kukisoma. Programu ilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu. Kompyuta kuukuu, kama nilivyoeleza, imepumzika.

Mzee Labib akanifariji: diski ya programu ipo. Ipo kabatini. Kabati namba tatu. Nikainuka kwenda. Akanishika shati.

Kabati namba tatu limepigwa lakiri nyekundu tangu mwaka 2011. Mwaka huo, siku ya kuhesabu mali, kamati ilikuta stepla moja haipo. Stepla! Wakazozana siku tatu, wakaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, wakaibana kwa kibanio cha nguo kwa sababu stepla ndiyo hiyo haipo, wakaitia kabatini, wakafunga, wakamwaga lakiri mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi haujaisha. Stepla ile imeandikwa kwa jina la Mzee Labib kuwa pungufu, na kila mwaka huandika maelezo yake upya, kwa mwandiko mzuri, kwamba yeye si mwizi.

Kuvunja lakiri kunataka kamati ya watu watatu. Kamati inataka barua. Barua inataka namba ya faili la 2011. Faili la 2011 limo kabatini.

Gihan akasema waliotengeneza kisanduku wameiweka programu mtandaoni, aishushe. Nikamwuliza mbele ya watu: na ikiwa na virusi je? Akanyamaza. Kwa kweli alinyamaza kwa kuwa alikuwa anaishusha, lakini mimi nimehesabu kuwa amenyamaza.

Nina wazo. Silitaji hata humu. Linahitaji mashine ya mke wangu, mama Salma, ya kukaushia nywele.

Jumatano, 5 Novemba

Mashine ya mke wangu ina mwendo wa tatu. Mwendo wa tatu unayeyusha lakiri ya serikali kwa dakika mbili.

Nilingoja wote waende kunywa chai. Lakiri ikalainika, ikachuruzika, ikaniangukia kidole gumba. Sikupiga kelele. Sawa, nilipiga kidogo. Mlango ukafunguka.

Ndani: faili la 2011. Diski. Glasi ya chai ya mwaka 2011, na chai yake. Na nyuma ya faili, imejikalia kwa raha zake, stepla. Namba 114, kwa rangi nyeupe ubavuni. Yaani waheshimiwa waliiweka kabatini wenyewe, wakazozana siku tatu iko wapi, kisha wakaifungia humo kwa lakiri!

Nimechukua diski. Stepla nayo nimeichukua, maana ni stepla ya chuma, ya maana, hizi za sasa plastiki tupu, karatasi tatu tu zinalia. Iko mezani kwangu. Kumwambia Mzee Labib? Nitamwambia akishastaafu, iwe kama zawadi. Nikimwambia sasa ataniuliza nimeipata wapi, na yeye si mtu wa kuweka siri. Hata umri wake anautaja wote.

Ikabaki shida ya muhuri. Muhuri halisi ni tai. Mimi tai sina. Nilikuwa na sarafu ya pauni moja. Nikaikandamiza kwenye lakiri ingali laini, ikatoka sura ya Tutankhamun, safi, na kilemba chake na ndevu zake. Ukisimama mbali ni tai. Usimame mbali na uvue miwani.

Mama Salma ameuliza jioni mbona mashine yake inanuka posta.

Alhamisi, 6 Novemba

Kompyuta mpya haina mdomo wa diski.

Sina la kuongeza.

Baadaye: ninalo. Nimevunja lakiri ya serikali, nimeungua gumba, kwa ajili ya diski isiyo na pa kuingia! Nani anatengeneza kompyuta isiyo na mdomo? Gihan akanikuta nikiipapasa ubavuni, akasema anacho kisomaji cha diski nyumbani, aje nacho? Kila kitu anacho. Mtu ataishije karibu na mtu wa namna hiyo? Nikamwambia naangalia kama imepata joto.

Leo Mzee Labib ameanza kupangusa vitu vyake 212, kimoja kimoja, na kuvitia alama ya penseli. Alipofika kwenye kompyuta kuukuu akafunua kifuniko, akaipangusa, akaifunika tena. Akaigonga mgongoni mara mbili kama mtu anayeaga mwenzake wa kazi. Roho iliniuma dakika nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Binti yangu Salma ana laptopu ya kale yenye mdomo. Amenakili diski kwenye flashi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika bajia ya taamiya. Dakika nne. Nikamwambia asijivune, kazi ngumu ilikuwa ya kabati. Mama yake akauliza kabati gani. Nikawahi msikitini. Saa moja kabla ya adhana, lakini nikawahi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepumzika. Wenye vipaji lazima wapumzike.

Jumapili, 9 Novemba

Programu imekataliwa! Kompyuta mpya inasema programu hii ni ya kale, haiiamini, haiiendeshi. Dharau ya wazi. Basi nikajiweka mahali pa kompyuta. Imejuaje kwamba programu ni ya kale? Kwa tarehe. Nikairudisha tarehe ya kompyuta hadi Novemba 1998. Sasa programu ni mpya na kompyuta ndiyo haijazaliwa. Haya, thubutu kudharau tena!

Ikakubali. Wallahi ikakubali. Dirisha la kijivu likafunguka kama enzi zile. Nilicheza kidogo, bega moja tu.

Kumbe ofisi ya utumishi imeunganisha mashine ya alama za vidole na kompyuta hiyohiyo. Saa tano mkurugenzi akashuka ngazi mbio. Kwa mujibu wa rekodi, leo maabara nzima ni watoro, ila mwaka 1998 tulihudhuria wote. Gihan alihudhuria akiwa na mwaka mmoja. Na Mzee Labib ana miaka thelathini na mitatu, bado ishirini na saba afikie kustaafu. Watu walicheka. Mzee Labib hakucheka. Alikaa chini taratibu, akauliza kama hilo nalo linakwenda Cairo.

Mkurugenzi akarudisha tarehe, akaniambia maneno ambayo sitayaandika kwa kuwa Salma hupekua daftari hili. Dirisha la kijivu, shukrani kwa Mungu, lilibaki wazi. Sasa linauliza kisanduku kiko mlango gani. Kompyuta inasema kimeingia kwa mlango namba 17. Programu inaijua milango minne tu, wa kwanza mpaka wa nne. Haki yake. Mwaka 1998 nani alikuwa na milango kumi na saba?

Nikahamishia mkia kitundu cha pili. Mlango namba 18. Cha tatu, 19. Cha mbele, 20. Kila nikihama namba inapanda. Niliacha saa tisa ikiwa 21. Zimebaki siku tatu. Mke wa Mzee Labib amepiga simu mara mbili kuuliza kile kikaango wakifunge au wasikifunge. Mzee amemjibu wasikifunge kwanza. Alijibu huku amenipa mgongo, nadhani ili nisione uso wake, na mimi nikajifanya nakaza skrubu.

Jumatatu, 10 Novemba

Ushindi!

Asubuhi nilifunga shanga ya buluu kwenye mkia, kuzuia jicho baya. Jicho la nani silitaji, ana kikombe chenye jina. Kisha nikatoka kununua maharage ya fuul na mkate. Kulikuwa na foleni, nikachukua nusu saa.

Niliporudi kisanduku kilikuwa kinazungumza. Uzi unavutwa, mstari unapanda kwenye skrini, pa! uzi unakatika, namba hiyo hapo. Mzee Labib alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia meza. Gihan alikuwa amekalia stuli yangu. Mkia wangu ulikuwa ndani ya pipa la taka pamoja na shanga yake, na mahali pake waya mmoja mweupe, mfupi, usio na historia yoyote.

Gihan akaeleza, maana anapenda kueleza. Eti alibadilisha waya, akaweka programu aliyoishusha, ile mpya ya walewale waliotengeneza kisanduku, akaingia kwenye mipangilio, akafuta 21, akaandika 3. Basi. Nikamkumbusha kwamba aliyegundua jana kuwa programu inajua milango minne ni mimi, na tatu imo ndani ya nne. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Tuseme haki. Asilimia tisini ya kazi ilikuwa yangu, yeye ameandika tarakimu moja. Nimeiokota shanga, imefanya kazi yake.

Nikapanda kwa mkurugenzi kumwambia tumefaulu. Nilisema tumefaulu, kwa unyenyekevu. Akauliza tumefaulu akina nani. Nikamwambia hayo tutayazungumza.

Jumanne, 11 Novemba

Nimenunua mto wa kiti. Wa mahameli, rangi ya zambarau. Wote walipotoka nimeupachika kwenye kiti cha Mzee Labib, nikajaribu kukaa. Umekaa kama uliozaliwa nacho. Nimeuacha hapohapo, wauzoee.

Jumatano, 12 Novemba

Niandike kwa utulivu.

Kamati ilifika saa nne. Watu watatu, mbele yao Madam Fawzia Darwish wa ghala kuu, miwani kwenye mnyororo, kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kunyooshea watu. Mzee Labib alivaa suti aliyomwozeshea mwanawe. Mkurugenzi alikuwepo. Gihan alisimama nyuma, mikono kifuani.

Mizani, ipo. Pipa la taka, lipo. Kiti namba 37, kipo; Madam Fawzia alikikalia kukihakiki, akausifu mto. Nikajikaza. Ikafika zamu ya kompyuta kuukuu, mkono wake ukaenda kwenye swichi. Nikasema haraka haraka, usijisumbue Madam, inaondoka kesho, Mzee ameshaiaga. Akatazama kifuniko kilivyopanguswa, akaandika: inafanya kazi. Jasho langu likarudi lilikotoka.

Kisha kisanduku. Mzee Labib akafumba macho. Uzi ukavutwa, mstari ukapanda, pa! Madam Fawzia akataka tena. Pa! Akasema Mungu aibariki mikono iliyofanya kazi hii. Nikainamisha kichwa. Mzee Labib akasema, mikono ya binti yetu Gihan, Mungu amtunze. Uzee, masikini.

Ukabaki mstari mmoja. Stepla namba 114, pungufu tangu 2011. Madam Fawzia akashusha pumzi. Akasema, Mzee Labib, miaka yote naandika pungufu tunasonga mbele, lakini safari hii ni kustaafu. Kwa hili moja itabidi faili liende Cairo. Samahani sana.

Kwa stepla! Miaka thelathini na mitano ya mtu! Mzee Labib alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Madam Fawzia akakusanya karatasi zake, akauliza nani ana stepla.

Sasa, mimi siku kumi nangoja kuombwa kitu chochote mbele ya mkurugenzi. Nilishafika mezani kwangu na kurudi kabla hajamaliza sentensi. Chukua hii Madam, nikamwambia, hii ya chuma.

Akabana mara moja. Akabana mara ya pili. Akaisifu. Akaigeuza ubavu.

Alivaa miwani. Akasoma kwa sauti: mia moja na kumi na nne. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema ilikuwepo tu. Akaniacha, akatembea hadi kabati namba tatu, akainama kwenye lakiri. Akauliza, bila kugeuka, tangu lini serikali inapiga muhuri wa Tutankhamun.

Nikasema labda tai amezeeka.

Nilijua nimekwisha. Lakini Madam Fawzia alipogeuka alikuwa amepauka kuliko mimi. Kwani aliyeongoza kamati ya 2011 alikuwa nani? Yeye. Aliyeifungia stepla kwa mkono wake, akamwandikisha mzee wa watu maelezo miaka kumi na minne, ni nani? Yeye. Nilimwona akipiga hesabu ya nani ataandika nini kuhusu nani. Akaketi. Akachukua kalamu ya kuandikia. Akaandika: stepla namba 114, imepatikana. Makabidhiano ya Bwana Labib Shenuda yamekamilika. Akagonga muhuri. Wa tai.

Mzee Labib akaishika ile hati kwa ncha za vidole kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Akampigia mkewe. Alisema neno moja tu.

"Kifunge."

Gihan akageukia dirisha. Mimi niliingiwa na kitu jichoni, vumbi la pamba.

Ndipo Madam Fawzia akanitazama, kwa tabasamu ambalo mimi nililichukulia kuwa zuri. Kuhusu lakiri, akasema, hataandika neno. Lakini mali haiwezi kulala bila mwenyewe hata usiku mmoja, na mtu anayejua makabati yanavyofunguka ndiye hasa wa kukabidhiwa. Akanisogezea daftari. Nikasaini vitu vyote 212. Mzee Labib ndiye aliyekuwa na saini zote, na Mzee Labib ndiye aliyekuwa mkuu. Hesabu ni rahisi.

Alhamisi, 13 Novemba

Mkuu wa maabara ni Gihan. Tangazo limebandikwa saa tatu.

Kiti namba 37 kiko chini ya saini yangu. Yaani anakalia yeye, kikivunjika najibu mimi. Nimemwomba asizunguke nacho sana. Mto nao umeshaingizwa daftarini kuwa kitu namba 213, kwa sababu umekutwa ndani ya maabara bila mwenyewe. Anasema ni laini.

Watu wa Madam Fawzia wamelipiga kabati lakiri mpya, ya tai. Ndani wametia faili la 2011, diski, na stepla kwa usalama wake. Saa sita wakanipigia simu kuniuliza kama nina stepla, karatasi zangu za makabidhiano hazijabanwa.

Mzee Labib ameondoka alfajiri na treni ya Minya. Ameacha chupa mbili za asali ya kaka yake. Kubwa ni ya Gihan. Ya kwangu ndogo, lakini ina kikaratasi: "Bahgat, ahsante kwa stepla. Sasa nimejua sikuwa mwizi." Kama vile kuna aliyewahi kudhani. Nimekisoma mara tatu. Nimekiweka kwenye pochi, sijui kwa nini.

Mchana wakaja watu wa mkokoteni kuchukua kompyuta za zamani. Wamechukua zote ila ile ya dirishani. Imeandikwa inafanya kazi, kwa hiyo iwashwe kwanza ndipo waipokee. Nikawaambia leo haijisikii. Wakasema basi, watakuja siku ya kuhesabu mali, tarehe 31 Desemba, na isipowaka siku hiyo faili litakwenda Cairo. Faili langu. Mimi nastaafu baada ya miaka tisa. Likiondoka mapema huenda likawahi kurudi.

Gihan alisubiri mkokoteni uondoke, akazungusha kiti kuja kwangu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alifunua kifuniko siku ile ya kwanza, mafuta ameyaona, hatamwambia mtu. Kilichoungua ni kile kipande cha umeme tu. Kingine kama hicho anacho kwenye droo. Ni kazi ya nusu saa.

Nusu saa! Droo! Nikamshukuru, nikamwambia cha kwangu kiko njiani.

Hata hivyo kasoro nimeshaijua. Siku ile nilipuliza kwa woga, ndiyo maana maji yalibaki ndani. Nimeshazungumza na watu wa ukumbi wa kusokota, Jumapili wananiazima tena ule mpira wa upepo. Safari hii nafungua mpaka mwisho.